Mzee Amekataa Kulala

Nekoye akija kuoshwa nywele kwangu hakubali kulaza kichwa kwenye sinki. Huinama mbele kama mtoto anayetapika, taulo machoni, maji yakimwingia masikioni, na mimi nammwagia huku nanung'unika. Saluni yangu iko Ruiru mjini. Ina sinki mbili nzuri zilizokatwa mahali pa shingo, na wateja wengine husinzia pale hadi mate yawatoke. Yeye hapana. Ukimgusa tu bega umrudishe nyuma, anasimama wima, povu likimtiririka mgongoni. Wasichana ninaofanya nao kazi husema ana maringo. Nimewaambia wanyamaze, na asiyeweza kunyamaza atafute saluni nyingine ya kupigia umbea.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa analala pale na kukoroma, na siku moja nilimrekodi kwa simu nikamchezea alipoamka, tukacheka mpaka tukalia. Ni mtu wa Kimilili, mnene kidogo, mwenye sauti ya kujaza chumba, na tumekaa ploti moja ya nyumba za kupanga tangu aje huku kutafuta kazi. Watu wa ploti wanamwita daktari ingawa si daktari. Ni mpiga picha katika hospitali moja ya Thika, ambayo jina lake nitaliacha huko huko Thika. Kazi yake ni mashine ya CT, lile duara kubwa lenye tundu katikati. Mgonjwa analazwa kwenye kitanda chembamba, kitanda kinateleza ndani, na mwili wake unatoka kwenye skrini kipande kwa kipande kama mkate wa kukatwa. Aliyegongwa na gari, aliyeanguka mjengoni, aliyepigwa rungu, wote wanapitia mikononi mwake kabla madaktari hawajajua kilichovunjika ndani.

Sasa sikilizeni, maana kila kitu katika habari hii kinaning'inia kwenye neno moja. Neno ambalo Nekoye alilitumia kazini kuliko yote ni *lala*. Lala hapa, mama. Lala chali, mzee, tulia, usimeze mate. Na sisi watu wa huku tuna taabu na neno hilo. Kwanza ulimi wetu unapenda kuligeuza liwe *rara*, na kwa Kikuyu kurara ni kupitisha usiku mahali. Pili, hata kwa Kiswahili chetu cha Kenya, mtu akikwambia alilala hospitali, ana maana alilazwa. Kwa hiyo ukimwambia guka, yaani babu, wa kijiji cha Mugutha "lala hapa", usishangae akikuuliza ng'ombe wake watakamuliwa na nani. Nekoye alikuwa akiniletea vituko hivyo saluni kila wiki. Aliwaigiza wazee wetu vizuri, pamoja na zile *r* na *l* zao zinazopishana, nami niliyezaliwa hapa hapa nikicheka kuliko wote.

Habari ya mzee Njau aliileta hivyo hivyo, kama kichekesho.

Ilikuwa msimu wa mvua. Alikaa kwenye kiti changu, akavua viatu, akaanza.

"Jackie, leo nimepata mwingine. Guka ametoka Mugutha, alikuwa anapeleka maziwa na baiskeli. Kuna mtu amenunua shamba huko akaweka waya kwa njia ile watu wamepita miaka yote. Guka hakuona waya. Imemshika hapa."

Alijionyesha kooni.

"Woi! Haikumkata?"

"Hata damu hakuna. Alama tu, nyekundu, kama mtu amechora na kalamu. Amekuja na miguu yake, kofia kichwani. Sauti tu ndiyo imeenda, anaongea kama jogoo mwenye homa. Daktari akasema aletwe kwangu apigwe picha ya shingo. Mimi namwambia, guka, lala hapa. Anasema, 'Siwezi rara hapa, mami.' Nikamwambia si kulala usiku, ni dakika chache. 'Siwezi rara.' Nikamshika mabega pole pole nimlaze, weh! Aliruka kama umeme umemshika. Karibu anipige kofi."

"Aliogopa mashine," nilisema.

"Si ndio? Nikapigia daktari, nikamwambia mzee amekataa kulala. Akaniambia casualty imejaa watu wa ajali, kama mtu mzima amekataa kulala atamfunga kamba? Atie sahihi aende. Akatia sahihi, akavaa kofia, akaenda kwa ng'ombe zake. Sahihi yenyewe ni kama kuku amekanyaga matope."

Tulicheka. Mteja niliyekuwa nikimsuka alicheka pia. Nekoye akamwigiza tena, "Siwezi rara hapa, mami," kwa ile sauti ya kukwaruza, na mimi nikamwomba arudie.

Baadaye, baada ya miezi kadhaa, tulikwenda pamoja kanisani Ruiru. Ni kanisa la mabati lenye spika kubwa kuliko waumini, na kabla ya mahubiri watu husimama kutoa ushuhuda. Siku hiyo alisimama mama mmoja mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alijitaja kuwa Waruguru, Mama Gichuru, wa Mugutha, na akasema amekuja kumshukuru Mungu kwa ndoa yake.

"Mume wangu alikuwa Njau," alisema. "Watu wa maziwa mnamjua. Alishikwa shingo na waya, akapelekwa Thika. Madaktari wakamwambia, mzee, rara hapa tukuangalie. Akasema, mimi sirari. Wakamwomba. Akasema siwezi rara hapa. Na mnajua kwa nini?"

Kanisa likasema halijui.

"Kwa sababu tangu tuoane hatujawahi kulala mbali, yeye na mimi. Hata mara moja. Alijua mimi siwezi kupata usingizi bila yeye. Akaacha dawa ya madaktari akarudi kwangu."

Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja mbele yetu alitikisa kichwa na kujipangusa macho. Waruguru akangoja wanyamaze, akaendelea kwa sauti ya chini.

"Alikuwa amechoka sana. Alikaa kando ya kitanda, nikamwambia Baba Gichuru, pumzika. Nikamlaza, nikamfunika blanketi yake mpaka hapa. Nikaenda kuzima taa ya jikoni. Kurudi, alikuwa amelala kabisa. Mungu alimchukua kwa kitanda chake, kando yangu. Wangapi wanapata hiyo?"

Haleluya zikapasua mabati. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshainua mkono nipige makofi, ndipo nikahisi baridi ya kitu pajani. Ulikuwa mkono wa Nekoye. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umekauka, midomo imefunguka kidogo, na alikuwa akimtazama yule mama kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akasimama, akapita juu ya magoti ya watu bila kuomba radhi, akatoka.

Nilimkuta nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji, ameegemea ukuta.

"Hakukataa," alisema. "Jackie, yule mzee hakukataa."

"Hakukataa nini?"

"Alisema hawezi. Mimi nikasema amekataa."

Sikuelewa, akanielewesha pale pale, huku ndani wakiimba. Mtu aliyeumia koo, aliniambia, anaweza kutembea, anaweza kuongea kidogo, anaweza hata kutania. Ndani njia ya hewa inavimba na kubanwa. Akikaa wima, akisogeza kidevu mbele, anapata upenyo kidogo wa kuvuta. Ukimlaza chali, vile vitu vilivyovunjika na kuvimba vinaangukia nyuma, na upenyo unaziba. Ndiyo maana aliruka. Hakuogopa mashine wala hakuwa na haraka ya ng'ombe. Alikuwa anazama mbele ya macho ya Nekoye, kwenye kitanda kikavu.

"Nilisomea hiyo kitu," alisema. "Nilifanyia mtihani. Mgonjwa wa shingo akikataa kulala chali, usimlazimishe, ita daktari aje, koo lake liko mashakani. Na mimi nikaleta hadithi saluni."

Kesho yake alimwendea yule daktari, kijana mmoja anaitwa Muoki, akamuuliza kama anamkumbuka mzee wa waya. Muoki alimkumbuka. Alisema, "Si uliniambia amekataa kulala? Nikajua amekataa kulazwa, anataka kwenda home. Kila siku tunapata kama hao." Nekoye akamwambia alikuwa akisema juu ya kitanda cha CT. Muoki akakaa chini kwenye ngazi, akasema, "Ungesema hawezi kulala chali ningekuja mbio." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza Nekoye zaidi. Walikwenda wote wawili kwa wakubwa wakaeleza. Wakubwa wakafungua faili, wakaona sahihi ya mzee, wakasema pole sana, mgonjwa alikataa matibabu. Mimi niliposikia hivyo nilitukana matusi ambayo sitayaandika hapa.

Tangu hapo yule mzee hakumwacha. Sisemi alimwona, Nekoye si mtu wa mizimu, na mimi pia sipendi hadithi za mizimu. Lakini alimsikia. Alimsikia katika kila mgonjwa mwenye mafua. Jirani yetu wa juu alikuwa na kikohozi cha kukwaruza, na jioni akianza kupanda ngazi akikohoa, Nekoye alikuwa anasimama katikati ya chumba na kijiko mkononi mpaka yule mtu afike kwake na kufunga mlango. Kazini, kitanda cha CT kikitoka kitupu baada ya mgonjwa kuondoka, alikuwa anaangalia shuka kama kuna mtu amekaa ukingoni. Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Na hakuweza tena kulala chali, wala ubavu. Aliweka mito ukutani akawa analala ameketi, kidevu mbele. Niliingia kwake asubuhi moja kuazima chumvi nikamkuta hivyo, macho yamefumbwa, mdomo wazi, na nywele zangu zikasimama, kwa sababu sijamwona mzee Njau maishani mwangu lakini nilijua ndivyo alivyokaa.

Lililomtesa kuliko yote lilikuwa Waruguru. Kila Jumapili mama yule alikuja, akakaa mbele, na watu walimpenda kwa ushuhuda wake. Wanandoa vijana walimwomba awaombee. Mchungaji alimtaja katika mahubiri. Alikuwa amepata kitu cha kushikilia, na Nekoye peke yake, kati ya watu wote mle ndani, alijua kitu hicho kilikuwa kosa lililosemwa kwa simu.

"Lazima nimwambie," alikuwa akisema.

"Umwambie nini?"

"Kwamba hakukataa. Alikuwa anaomba msaada."

"Halafu?"

Kinachofuata alikijua mwenyewe. Halafu yule mama atahesabu mwenyewe: kama kulala chali ndiko kulikomuua, basi aliyemlaza ni nani? Aliyemfunika blanketi mpaka hapa ni nani? Nilimwambia waziwazi kwamba akienda Mugutha na habari hiyo atakuwa amempa mjane kisu akisema ni zawadi. Nilimwambia unataka kutua mzigo wako kwa kumtwika mama wa watu. Nilimkaripia kweli, na sijutii, kwa sababu nilikuwa naogopa. Akakubali kunyamaza. Akanyamaza na kukonda, mpaka gauni la kanisani likawa linamning'inia.

Ndipo akaletwa Awiti.

Awiti ni msichana wa kiwandani, huko huko Thika. Alifunga leso shingoni kwa sababu ya baridi ya asubuhi, leso ikashikwa na mashine inayozunguka, ikamvuta. Wenzake walizima umeme haraka, na alipofika hospitali alikuwa akitembea. Alama shingoni, sauti imekwenda. Daktari mgeni aliyekuwa zamu alimwona anapumua, anajibu maswali, akasema apelekwe CT upesi waone kama koo limevunjika. Nesi akamleta kwa kiti cha magurudumu.

Nekoye alisema alipofungua mlango, msichana alikuwa amekaa ameshika mikono ya kile kiti, ameinama mbele, kidevu nje, hatazami mtu. Nesi alikuwa tayari ameshusha kitanda cha mashine, akamwambia, "Haya dada, lala hapa." Awiti akatikisa kichwa. Nesi akaguna, akasema hawa wa leo wanaogopa kila kitu, akamshika mkono amvute.

"Muache!" Nekoye alipiga kelele. Sauti ile ya Kimilili, ilisikika mpaka kwenye korido.

Alipiga simu pale pale. Hakutumia lile neno. Alisema, "Njoo sasa hivi na mtu wa koo. Huyu msichana akirudi nyuma anakosa hewa. Akiwa wima ndio anapumua. Umenisikia? Rudia nilivyosema." Akamlazimisha daktari arudie kama mtoto wa nasari. Walikuja mbio, Muoki akiwa miongoni mwao. Muoki alibonyeza ngozi ya shingo ya Awiti kwa vidole viwili, ikalia chini ya vidole kama karatasi ya krisps, kwa sababu hewa ilikuwa inavuja kutoka ndani na kujaa chini ya ngozi. Hakuna aliyesema lala tena. Walimpeleka chumba cha upasuaji vile vile ameketi, wakamtia dawa ya ganzi, wakatoboa chini ya koo, wakapitisha mpira wa kupumulia. Baada ya hapo, hewa ikipita kwenye mpira, wakamrudisha kwa Nekoye, na sasa aliweza kulala chali bila shida yoyote.

Nekoye akampiga picha.

Nilidhani angekuja nyumbani akiimba siku hiyo. Msichana alipona, mpira ulitolewa baadaye, na leo anaongea, sauti nzito kidogo lakini ni sauti. Niliposikia nilinunua soda. Nekoye aliishika chupa bila kuinywa.

"Nimeona," alisema.

"Umeona nini?"

"Ndani ya koo lake. Kwenye picha hewa ni nyeusi, Jackie. Bomba la hewa linatakiwa kuwa duara jeusi, safi. Lake lilikuwa limebaki mstari. Ile gegedu ya mbele, hiyo unayogusa ukimeza mate, ilikuwa imepasuka katikati na imesukumwa ndani. Na weusi umetapakaa kila mahali nje ya njia, kwa nyama, chini ya ngozi, mpaka kifuani." Alijigusa pale kooni. "Kabla ya leo nilikuwa najua yule mzee amekufa. Sikuwa najua alikuwa na nini. Sasa najua. Nimeona yake."

"Hiyo ni ya Awiti."

"Ni yake," alisema. "Na dawa yake ni shimo dogo hapa. Dogo tu."

Siku hiyo nilijua atakwenda Mugutha, niseme nisiseme. Nilichoweza kufanya ni kwenda naye, ili yule mama akianguka awepo mtu wa kumshika.

Tulikwenda mchana, Jumamosi, nikafunga saluni wateja wakinung'unika. Ile njia ya zamani bado ina waya, ila sasa mtu amefunga vitambaa vya plastiki nyekundu ili uonekane. Nekoye alisimama pale, akaushika waya kwa vidole, akaufuata kwa mkono mpaka kwenye nguzo. Nikamwambia twende.

Waruguru alitupokea vizuri. Alitujua kwa sura kutoka kanisani. Alitutandikia vitambaa kwenye viti, akaleta chai yenye maziwa mengi, akasema tusamehe, mkate umeisha. Ng'ombe walikuwa wanalia nyuma ya nyumba. Nekoye alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama Gichuru," alisema, "mimi nafanya kazi Thika. Kwa hiyo hospitali."

Waruguru akaacha kukoroga sukari.

"Mimi ndiye nilikuwa nimpige baba picha. Mimi ndiye nilimwambia alale."

"Wewe ndiye yule msichana," Waruguru alisema. "Aliniambia. Alisema kulikuwa na msichana mnene mwenye sauti kubwa, akamwita guka."

Nilitaka kuingilia, niseme tumekuja tu kusalimia, nikaanza, "Mama, sisi tulikuwa tunapita tu..." na Waruguru akaninyooshea kiganja kama mtu anayenyamazisha mtoto, bila kunitazama.

"Sema," alimwambia Nekoye.

Nekoye akasema yote. Alisema kuhusu kitanda cha mashine, kuhusu mzee alivyoruka, kuhusu simu na neno lile, na jinsi daktari alivyolisikia. Hakujipendelea. Alisema hata juu ya saluni na kicheko chetu, na mimi nikatazama miguu yangu. Alipofika mahali pa kusema kwa nini mtu aliyeumia koo hawezi kulala chali, alikwama. Akajaribu mara mbili.

Waruguru akamsaidia.

"Anakosa hewa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Najua. Hata mimi aliniambia."

Ng'ombe walilia tena huko nyuma. Hakuna aliyewajali.

"Alifika hapa akakaa kando ya kitanda," Waruguru alisema. "Nikamwambia Baba Gichuru, lala. Akasema, siwezi. Nikasema unadeka. Akashika mkono yangu hivi, akasema, Waruguru, siwezi rara. Jina langu. Hajaniita jina langu tangu tupate mtoto. Nikamwambia hawa madaktari wamekuharibu, unajiona uko na mguu moja kwa kaburi bure, kwa ajili ya alama ya waya. Nikamshika mabega." Alinyoosha mikono mbele, akaishika hewa. "Alikuwa amechoka, hangenishinda. Nikamlaza. Akanitazama. Nikamfunika. Nikaenda kuzima taa."

"Lakini kanisani..." nilisema, kisha nikatamani ulimi wangu ukatike.

"Kanisani ningesema nini?" aliniuliza, na sasa alinitazama. "Wewe ungesema nini?"

Alirudi kwa Nekoye.

"Hiyo picha. Ungempiga, ingeonyesha?"

"Ingeonyesha, mama. Au hata bila picha. Kama ningesema vizuri kwa simu wangekuja. Wangempitishia hewa kwanza."

"Angepona?"

Nilimkanyaga Nekoye mguu chini ya meza. Nakumbuka nilivyomkanyaga, kwa nguvu, na kisigino. Hata leo ningemkanyaga tena. Kuna majibu kumi ambayo mtu mwenye huruma angeweza kumpa mjane: Mungu ndiye ajuaye, hatuwezi kusema, umri wake nao. Kila moja lilikuwa pale mezani, la kuokotwa tu.

"Angepona," Nekoye alisema. "Leo angekuwa hapa."

Waruguru aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitulia kama ya mtu aliyetua mtungi. Alipoinua uso haukuwa na machozi.

"Wote wananiambia siku zake zilikuwa zimefika," alisema. "Mchungaji, majirani, dada yangu. Kila mtu. Nikawa najiona ni mimi nina wazimu, kwa sababu mimi nilijua hazijafika."

Nekoye ndiye aliyelia. Alilia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu aliyekizuia muda mrefu, na yule mama hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alingoja amalize. Kisha akasimama, akasema, "Njooni."

Alitupeleka chumba cha ndani. Kilikuwa na dirisha dogo na kitanda kimoja kikubwa cha mbao. Upande wa ukutani blanketi la kijivu lilikuwa limetandikwa bila kukunjamana. Upande wa pili palikuwa na kiti cha jikoni, kimewekewa mto, na leso imetupwa juu yake. Hakutueleza kiti kile ni cha nini; Nekoye na mito yake ya ukutani hakuhitaji kuelezwa.

"Wagonjwa kama yeye bado wanakuja?" alisema.

"Wanakuja, mama."

"Siku hizi unawauliza aje?"

Nekoye alijipangusa pua kwa mkono wa gauni. "Siwaambii walale. Nawauliza kwanza. Nasema, ukilala chali, hewa inapita?"

"Ukilala chali," Waruguru alirudia polepole, kama mtu anayejifunza namba ya simu. "Hewa inapita. Basi? Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Alitikisa kichwa kukubali. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja juu ya lile blanketi la kijivu, mahali ambapo kifua cha mtu kingekuwa.

"Baba Gichuru," alisema kwa upole, "ukilala chali, hewa inapita?"

Akainama, sikio karibu na mto, akangoja ajibiwe. Tulingoja naye, mimi na Nekoye, tumesimama mlangoni, wala hakuna aliyethubutu kumwita.